Zulia la Mchanga la Lamberto

Eufrosina Chagoya alikuwa amechoka tangu mwezi wa nane, na Oktoba ilikuwa imebakiza siku tatu tu iishe. Magoti yalimuuma. Kucha zake zilikuwa na zambarau isiyotoka hata kwa ndimu na majivu. Na bado watu walikuwa wanabisha hodi wakitaka zulia, kana kwamba wafu wa kijiji chetu cha San Jacinto wameambizana waondoke pamoja.

Kwetu mtu akifa anazikwa, halafu anasaliwa siku tisa. Siku ya nane Eufrosina anaingia katika nyumba ya msiba na ndoo zake, anapiga magoti pale pale jeneza lilipokuwa, na kumchorea marehemu mtakatifu wake kwa mchanga wa rangi, tangu asubuhi hadi jua linapozama. Siku ya tisa watu wanaimba, zulia linafagiwa lote, mchanga unatiwa kwenye sanduku na kwenda kuzikwa kaburini. Mgeni mmoja wa mjini aliwahi kumuuliza kama haumii kuiona kazi yake ikifagiwa. Eufrosina akamjibu kwamba kinachouma ni mgongo.

Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na miwili. Amemchorea padre, amemchorea kichanga wa siku mbili, amemchorea mlevi wa sokoni ambaye hakuna aliyejua mtakatifu wake, akamtilia San Jacinto mwenyewe, mtakatifu wa kijiji, kwa kuwa huyo ni wa wote. Mchanga anauchota mtoni, anauanika juu ya turubai, anauchekecha mara tatu, anauchanganya na rangi za unga, na akiumimina kati ya kidole gumba na cha shahada hauendi upande hata punje. Nyumba aliyokuwa hajaiwekea zulia ilikuwa moja tu katika mtaa mzima, nayo ni yake mwenyewe.

Mume wake, Lamberto Ojeda, aliondoka kwenda Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, miaka kumi na minne iliyopita kuezeka mapaa ya watu. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili kwenye duka la pembeni, na Eufrosina anaitwa kwa kipaza sauti mpaka kijiji kizima kinajua mume wake yuko hewani. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya Mtakatifu Lusia, Desemba ya mwaka ule ule. Alicheka sana siku hiyo, akasema amemnunulia koti ambalo huku kwetu atalivaa akitaka kuiva kama tamale, unga wa mahindi kwenye mvuke. Jumapili iliyofuata simu haikulia, wala nyingine yoyote baada ya hapo. Eufrosina alikwenda maofisini na picha mkononi, akaambiwa ajaze fomu, akajaza. Akaambiwa asubiri, akasubiri. Hakuna aliyeleta mwili, wala barua, wala uongo wa kueleweka.

Watu hawakukosa la kusema. Walisema Lamberto ana mke huko, mnene, mwenye gari jekundu. Eufrosina hakukasirika. Kuna miaka alimwomba Mungu liwe kweli, kwa sababu mke mnene angalau anajua kupika.

Lakini shida yake kubwa haikuwa maneno ya watu. Shida ilikuwa Novemba. Wafu wetu wanarudi nyumbani tarehe mosi, wanakuta madhabahu imepambwa maua ya manjano, maji, chumvi, mikate, mchuzi mweusi wa mole, na picha zao zimewekwa mbele ya mishumaa. Asiye na picha hana pa kukaa. Na ole wake mtu anayeweka picha ya aliye hai, maana huyo anamwita kaburini kwa mkono wake. Sasa Lamberto awekwe au asiwekwe? Kama ni mzima na picha yake ikawekwa, mkewe atakuwa amemuua. Kama amekufa na haikuwekwa, basi kwa miaka kumi na mitatu amekuwa akija kutoka mbali kwa miguu yake, anafika mlangoni, anakuta baba na babu zake wanakula, na yeye hana hata glasi ya maji. Eufrosina alikuwa akiliwaza hilo mpaka kichwa kinamgonga.

Aliyekata shauri alikuwa mama mkwe wake, Mama Tiburcia, mwenye miaka themanini na sita, anayeishi chumba cha pili na kutawala vyote.

"Mwanangu hajafa," alisema mwaka wa kwanza, akageuza picha ya Lamberto uso kwa ukuta. "Siku utakayoiweka pale, mimi na wewe hatujuani."

Eufrosina hakubishana. Ila kuna sahani moja ambayo kila nyumba inaiweka nje ya lango, kwa ajili ya roho pweke, yule marehemu asiye na ndugu wa kumkumbuka. Ni maji, mshumaa na mkate mkavu, basi. Kila mwaka Eufrosina aliongeza kwenye sahani hiyo chupa ya bia nyeusi na mbegu za maboga zilizokaangwa kwa ndimu na pilipili, kitu alichokipenda Lamberto kuliko mkewe, kama alivyokuwa akimtania. Anaweka, anageuka haraka, na moyoni anasema: kama umekufa, chukua, kama uko hai, nisamehe, si yako. Mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka maneno yale yalikuwa mazito zaidi kuyasema.

Mwaka huu miguu ya Mama Tiburcia ilivimba, akashindwa kwenda kuagiza mikate. Akamtuma mkwewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Wanaume wanne, wanawake watatu," alimwelekeza kutoka kitandani. "Na umwambie Petronila asinichomee kama mwaka jana. Basi, nenda, mbona umesimama?"

Mkate wetu wa wafu unabandikwa kichwa kidogo cha unga kilichopakwa rangi, chenye macho na mdomo, na kila marehemu wa nyumba ana wake. Petronila mwokaji alikuwa amejaa unga hadi kwenye nyusi, foleni imefika barabarani.

"Chagoya!" alipaza sauti. "Leo bibi amekufungulia? Haya, ya nyumba yenu naijua, usinisumbue. Wanaume watano, wanawake watatu."

"Wanne," Eufrosina alisema. "Wanaume wanne."

"Watano, mama. Usinifundishe kazi. Wanne anawaagiza mbele za watu, halafu anarudi jioni kupitia mlango wa nyuma kuniagiza wa tano. Mwenye masharubu. Kila mwaka hunikumbusha masharubu, kana kwamba..."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akajitia kupanga kikapu chake. Katika nyumba ya Ojeda mwanaume mwenye masharubu alikuwa mmoja tu.

"Mimi na mdomo wangu huu," alisema Petronila.

"Nipe watano," alisema Eufrosina.

Alirudi nyumbani na kikapu kichwani, hasira zimempanda kifuani hadi shingoni. Alipita katikati ya uwanja bila kumsalimu mtu. Kumi na minne! Miaka kumi na minne bibi huyu amemfunga mdomo, amemgeuzia picha ukutani, amemwambia wewe unataka kumzika mwanangu ili uolewe. Kumbe mwenyewe anamlisha kwa siri. Aliingia chumba cha pili bila kubisha, akaweka mkate wenye masharubu juu ya blanketi, kwenye magoti ya mama mkwe wake.

"Huyu ni nani?"

Mama Tiburcia aliutazama mkate. Nje mbwa wa jirani akawa anabweka kama hana kazi nyingine.

"Fungua sanduku," alisema mwishowe.

Chini ya shali nyeusi za sanduku kulikuwa na leso, na ndani ya leso vichwa vya unga vilivyokauka, vidogo kama kidole gumba, kumi na vitatu. Vingine rangi ilikuwa imevitoka, kimoja kililiwa sikio na mende. Vyote vilikuwa na masharubu.

"Mkate nakula mimi," alisema bibi. "Kichwa siwezi."

"Kwa nini ulinikataza, mama?"

"Ukiweka wewe picha, mbele ya mishumaa, watu wakaja wakaona, amekufa. Mimi nikificha mkate ni bibi kizee mroho tu, hakuna anayekufa hapo." Akajifuta pua na ncha ya shali. "Nilimzaa mimi. Njaa yake naijua mimi. Na wewe usinitolee macho, unadhani sijui? Roho pweke tangu lini inakunywa bia nyeusi?"

Eufrosina alitaka kucheka, kicheko kikagoma njiani. Akakaa kwenye kitanda, kwenye miguu ya bibi iliyovimba, ikabidi asukumwe. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi tangu kwa mwokaji, na sasa ugomvi haukuwepo, kulikuwa na wanawake wawili waliochoka na kichwa cha unga chenye masharubu.

"Mama, mimi nimechoka," alisema. "Sijachoka kufanya kazi. Nimechoka kuwa na mume nusu. Kila mlango ukigongwa nashtuka. Kila nikimpigia mtu magoti kumwekea zulia, naona wivu. Naona wivu msibani, mama, unasikia? Namwona mjane analia juu ya jeneza na namwonea wivu. Mtu gani huyo?"

"Na kama yuko hai?"

"Kama yuko hai na anajua tuko hapa, basi ametuua yeye kwanza."

Bibi alifumba macho. Eufrosina alidhani amelala, kama kawaida yake mazungumzo yakimshinda. Halafu bila kufumbua macho akasema: "Alizaliwa siku ya Mtakatifu Yakobo. Zulia lake liwe na farasi."

Tarehe mosi picha ya Lamberto ikakaa madhabahuni, kati ya baba yake na mjomba wake. Eufrosina aliiweka kwa mikono miwili, kisha akasimama mbali kwa hofu, kama mtu aliyewasha fataki. Petronila alipita kuleta sahani ya mole, kama watu wote siku hiyo, akaiona, akajishika mdomo.

"Na akirudi, shoga?"

"Akirudi atakuta amekwisha kusaliwa. Wangapi wana bahati hiyo?"

Sala za siku tisa zilianza tarehe tatu. Msalishaji wetu ni Mzee Nabor, ambaye pia ni seremala, kwa hiyo anakusalia na anakutengenezea msalaba, safari moja. Alikuna kichwa alipoona hakuna mwili. Walikuwa wametandika shati la Jumapili la Lamberto na kofia yake juu ya msalaba wa chokaa sakafuni, pale ambapo jeneza lingekaa.

"Nimesalia watu wabaya kuliko shati," alisema, akapiga magoti.

Basi siku saba zikapita kwa rozari, chokoleti na viti vya kuazima. Kila jioni Mzee Nabor akimaliza humwendea Eufrosina na kumuuliza tarehe. Msalaba ulikuwa tayari, jina liko, siku ya kuzaliwa iko, siku ya kufa imeachwa wazi. Kila jioni Eufrosina alimwambia kesho. Hakuwa anamkwepa. Hakuijua.

Siku ya nane ikafika, siku ya zulia, na hapo ndipo mikono yake ilipofungwa. Mwenye msiba hagusi mchanga wa maiti wake. Hata mwenye ujuzi wote duniani anakaa kwenye kiti, anatazama. Kazi ikawa ya Maclovia, binti wa kaka yake, aliyemfundisha mwenyewe miaka sita na ambaye hajawahi kuchora farasi.

"Shangazi, usiniangalie," alisema Maclovia akiwa ameinama.

"Sikuangalii."

"Nasikia unavyopumua."

"Nisipumue sasa? Huo mguu wa nyuma ni wa tembo."

"Shangazi!"

"Nimenyamaza."

Mama Tiburcia, aliyebebwa pamoja na kiti chake hadi mlangoni, alisema yeye anaona punda, lakini punda mzuri. Maclovia akalia kidogo, akafuta mguu kwa brashi, akaanza upya. Eufrosina aliikalia mikono yake. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe chini ya mapaja, vinamimina mchanga usiokuwepo. Joto la mchana likaingia, ubani ukamzidi, na kabla hajajua, usingizi ukambeba pale pale kwenye kiti. Alilala kama gogo, mdomo wazi, mbele ya majirani.

Alipoamka jua lilikuwa limeegemea ukuta wa magharibi na zulia lilikuwa limekwisha. Mtakatifu Yakobo alikuwa juu ya farasi mweupe mwenye mguu mmoja mnene, joho jekundu, shingo imepinda kidogo, na pembeni maua ya manjano yamezunguka kila mahali. Eufrosina alisimama. Miaka yote hiyo alikuwa ameyaona mazulia kwa magoti, pua karibu na mchanga, akitafuta kosa. Hakuwahi kuliona moja akiwa amesimama, mikono mitupu, kama wanavyoliona wenye msiba. Kumbe hivi ndivyo linavyoonekana. Kumbe mtu haoni farasi kabisa, anaona mahali ambapo mtu wake hayupo. Akapapasa kiti nyuma yake, na Maclovia akamshika kwapani akidhani amekasirikia mguu.

"Ni zuri," alimwambia. "Ni zuri, mwanangu. Niache nilie."

Na akalia, kilio cha sauti, kile alichokuwa akiwaonea wivu wenzake.

Siku ya tisa nyumba ilijaa hadi uani. Wasimamizi wa msalaba, mume na mke wa mtaa wa juu, walipiga magoti na mashada ya maua kuanza kulifagia zulia: kichwa kwanza, kisha mkono wa kulia, wa kushoto, mwisho miguu, na kila sehemu ina wimbo wake. Mchanga mwekundu uliingia kwenye mweupe, mweupe kwenye wa manjano, na ndani ya dakika chache farasi wa Maclovia akawa rangi ya udongo tu. Ukatiwa kwenye sanduku dogo, ukafunikwa na shati na kofia. Sasa ilibaki kwenda makaburini, kwa baba yake Lamberto, ambako shimo la kimo cha mkono lilikuwa limechimbwa.

Mzee Nabor alisimama mbele ya Eufrosina, msalaba chini ya kwapa, kikopo cha rangi nyeusi mkononi.

"Mama, sasa siwezi tena kungoja kesho. Niandike siku gani?"

Msimamizi mmoja, mwenye nia njema, akanong'ona kwamba waandike mwaka tu, inatosha. Mwingine akasema siku ya Mtakatifu Lusia, simu ya mwisho.

"Hapana," alisema Eufrosina. "Siku ile alikuwa anacheka. Nilimsikia mimi. Siwezi kumwandika amekufa siku aliyonichekesha."

"Basi niache wazi?"

Wazi. Eufrosina aliutazama ule ubao na nafasi yake tupu. Miaka kumi na minne ameishi ndani ya nafasi hiyo, ameifagia, ameipikia, amelala humo.

"Andika ya leo," alisema.

"Ya leo, mama?"

"Ya leo. Mpaka asubuhi nilikuwa na mume."

Mzee Nabor alisitasita, kwa sababu msalaba ni msalaba na hauandikwi uongo. Akamgeukia Mama Tiburcia kwenye kiti chake, aliyekuwa na haki ya kukataa kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle, na kila mmoja akageuka naye. Eufrosina hakuthubutu kumtazama. Msalishaji alichovya brashi, akaifuta ukingoni mwa kikopo, akabaki ameishikilia hewani.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi.

"Kumi na moja," alisema Mama Tiburcia. "Andika kubwa, mimi sioni vizuri."